Kompyuta ya ofisi haijafa, imekosa flopi ya kuiwashia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo na la kizamani, lakini ambalo katika wilaya zetu za nyanda za juu kusini limekwisha kuwanyima watu haki zao bila wao kujua. Nalo ni desturi ya ofisi ndogo, vyama vya akiba na mikopo, shule na hata parokia, kuuza au kutupa kompyuta za zamani mara tu zinapokataa kuwaka kama zilivyozoeleka, ilhali kinachotakiwa mara nyingi ni flopi moja ya kuwashia, yaani diski ndogo bapa ya kuchomeka kwenye mashine, yenye nafasi ya megabaiti 1.44, na mtu mwenye subira ya nusu saa.

Mimi ni mhasibu mstaafu, mkazi wa Uyole, Mbeya, na sina cheti chochote cha ufundi wa kompyuta. Mashine hizi nilijifunza kwa kulazimika, kwa sababu kizazi chetu kilikutana nazo tukiwa tumekwisha kuwa watu wazima. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na hata mlango ulipofunguliwa tena, nyingi kati ya zile nilizozikuta katika ofisi za huku juu zilikuwa zimekwisha kufanya kazi kwingine. Ndiyo maana elimu ya flopi, ambayo pengine imesahaulika, kwetu bado ina kazi ya kufanya.

Mwaka jana, masika yakielekea ukingoni, niliitwa na kamati ya chama kimoja cha akiba na mikopo kilichoko upande wa Tukuyu, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa viongozi wake wa sasa hawana kosa. Bibi mmoja, mjane, alikuwa akidai hisa ambazo marehemu mumewe alizinunua kidogo kidogo kati ya mwaka 1999 na 2006. Daftari la karatasi la miaka hiyo lilikuwa limelowa paa lilipovuja, kurasa zikagandana kama maandazi yaliyolala, na yeyote anayeijua mvua ya Tukuyu hatahitaji maelezo zaidi. Kwa hiyo jibu alilokuwa akipewa bibi huyo kila alipofika ofisini lilikuwa moja tu: kumbukumbu zimo ndani ya kompyuta, na kompyuta imekufa.

Kompyuta yenyewe niliikuta chini ya meza, imefunikwa gunia la salfeti. Ilikuwa Pentium yenye kumbukumbu ya megabaiti 32 na mfumo wa Windows 98, kasha lake la rangi ya maziwa limegeuka njano. Kamati ilikuwa imeipeleka kwa fundi mmoja mjini Mbeya, naye aliirudisha na kauli mbili: kwamba diski kuu iliyomo ndani, ile ambayo mafundi huiita hadi diski, imekufa, na kwamba kwa malipo fulani angeweza kuwawekea Windows mpya. Nilimwomba mwenyekiti azirudie kauli hizo mbili polepole, kisha nikamuuliza hiyo Windows mpya ingewekwa juu ya nini ikiwa diski imekufa. Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha, kwa maana alielewa kwamba wangelipa fedha ili kumbukumbu za wanachama wao zifutwe.

Ili msomaji asione kwamba ninamsingizia fundi huyo, sharti nieleze kinachotokea kompyuta ya aina hii inapowashwa. Unapobonyeza kitufe cha umeme, cha kwanza kuamka si Windows wala diski kuu, bali ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya mazabodi (ubao mkuu wa mashine), inayoitwa BIOS, ambayo mafundi wetu huitamka bayosi. Bayosi hukagua viungo vya mashine, yaani kumbukumbu, kibodi, kadi ya kioo na kadhalika, na mambo yakiwa shwari hulia mlio mmoja mfupi. Baada ya hapo hubakiwa na swali moja tu, ambalo ni mahali pa kuutafuta mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha mashine, kama Windows. Jibu la swali hilo limeandikwa katika mipangilio yake, na kwa kompyuta nyingi za miaka ya 1990 mpangilio ni kutazama kwanza draivu ya flopi (kifaa cha kuisomea), inayojulikana kwa herufi A, na ndipo diski kuu, inayojulikana kwa herufi C. Bayosi ikikuta flopi, husoma sekta yake ya kwanza kabisa, ambayo ina baiti 512 tu, huiweka katika kumbukumbu na kuikabidhi madaraka. Sekta hiyo nayo huliita faili la IO.SYS, nalo hatimaye huliita COMMAND.COM, mpaka kwenye kioo cheusi itokeze herufi A ikifuatwa na alama zake, na kistari kinachopepesa kikisubiri amri.

Hapo kompyuta imewaka kikamilifu. Mafundi husema imebuti. Na jambo ambalo ningependa kila katibu wa chama alishike ni kwamba imewaka bila kuandika hata herufi moja juu ya diski kuu. Mtunza ghala anaweza kuwa mgonjwa, akatafutwa mtu mwingine wa kufungua mlango, na mahindi yakakutwa yamo vilevile ghalani. Kinachougua katika nyingi ya mashine hizi ni mafaili machache ya mfumo, au ile sekta ya kwanza ya diski, hasa pale umeme ulipokatika ghafla mashine ikiwa katikati ya kuandika. Hesabu za wanachama hukaa mahali pengine kabisa kwenye diski hiyohiyo, na hazina habari na ugonjwa huo.

Mashine ya Tukuyu ilipowashwa, feni ilinguruma, mlio mmoja ukasikika, kisha ukatokea ujumbe wa Kiingereza unaosema kwamba diski iliyomo si ya mfumo, kwamba iondolewe iwekwe nyingine, na kwamba mtumiaji abonyeze kitufe chochote. Ujumbe huu umewahukumu wengi kabla ya wakati. Kabla ya kufanya lolote, mtu anapaswa kuinama na kutazama kama kuna flopi iliyosahaulika ndani ya draivu, kwa sababu bayosi ikikuta flopi ya kawaida, yenye barua au hesabu tu, hulalamika kwa maneno hayohayo. Nimewahi kusafiri mpaka Makambako kwa ajili ya kompyuta ya shule iliyokuwa imelala wiki tatu, nikabonyeza kitufe cha draivu, flopi ya mitihani ikaruka nje, na mashine ikawaka. Nauli yangu walinirudishia, ila kwa aibu.

Tukuyu haikuwa hivyo. Draivu ilikuwa tupu, ikabidi nitumie flopi zangu, na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo nalisimulia ingawa linanivunjia heshima kidogo. Flopi ya kwanza haikusomeka kabisa. Nilipokivuta pembeni kile kifuniko chake cha bati niliona madoa ya ukungu kwenye utando wa kahawia, na flopi yenye ukungu hairudishwi tena ndani ya draivu, kwa kuwa uchafu wake hubaki kwenye kichwa cha kusomea na kuharibu flopi zitakazofuata. Flopi ya pili ilikuwa ya MS-DOS 6.22, mfumo endeshi wa maandishi matupu wa mwaka 1994. Hii iliwasha mashine bila taabu, nikafurahi, nikaandika amri ya kwenda C, na kompyuta ikanijibu kwamba hakuna draivu yenye jina hilo.

Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa niliamini kuwa fundi wa Mbeya alikuwa amesema kweli. Nilikaa kimya, mwenyekiti naye akakaa kimya, na bibi, ambaye alikuwa amekuja na kuketi kwenye benchi la mlangoni, hakuniuliza kitu. Kisha nikakumbuka kwamba diski zilizopangwa kwa Windows 98 aghalabu hutumia mpangilio uitwao FAT32, ulioanza kutumika mwaka 1996 pamoja na toleo la pili la Windows 95, na kwamba MS-DOS ya mwaka 1994 haiwezi kuujua mpangilio uliozaliwa baada yake. Haikuwa imeona diski tupu, bali ilikuwa imeona diski iliyoandikwa kwa lugha isiyoifahamu. Mtu mwenye haraka angefungua programu ya FDISK papo hapo, angegawa diski upya, angeandika amri ya FORMAT inayoifuta, na kwa mkono wake mwenyewe angezika miaka yote ile ya hisa za watu huku akidhani kwamba anatengeneza. Nashawishika kuamini kwamba huko mjini ndiko walikokuwa wakielekea.

Flopi ya tatu ilikuwa ya kuwashia ya Windows 98 yenyewe. Hii huanza kwa kuuliza kama mtu anahitaji kutumia sidii au la, na kama hana haja ya sidii ni vema achague kuwasha bila hiyo, kwa kuwa huokoa muda. Ina tabia moja inayowachanganya hata wazoefu, ambayo naieleza kwa sababu imewahi kunipotezea mchana mzima huko Mafinga: inapowaka hutenga megabaiti 2 za kumbukumbu na kuzifanya zionekane kama diski nyingine, ambamo hufungulia vifaa vyake, na diski hiyo ya bandia huchukua herufi inayofuata diski kuu. Kwa hiyo kama sidii ilizoeleka kuwa D, sasa itakuwa E, na anayeitafuta katika D atakuta mafaili asiyoyajua. Hakuna kilichoharibika, herufi tu zimesogea.

Nikaandika DIR C:, amri ya kuorodhesha yaliyomo kwenye diski kuu, nikabonyeza kitufe cha kuingiza. Draivu ikakoroma, taa yake ndogo ikawaka, na orodha ikaanza kupanda kwenye kioo, folda baada ya folda, mpaka likapita jina HISA. Ndani yake mlikuwa na mafaili matatu ya aina ya DBF, yaliyotengenezwa na FoxPro, programu ya kutunza orodha za kumbukumbu, na kubwa kuliko yote, lenye kilobaiti 1,180, liliitwa WANACHAM, kwa maana zama hizo DOS haikukubali jina lenye zaidi ya herufi nane na karani alilazimika kuikata ile a ya mwisho. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote nilinakili mafaili hayo kwenye flopi tupu. Nilikuwa nimekwenda na flopi tano, mbili zikanikatalia, na zile tatu zilizobaki zikatosha kwa hesabu ya kuniacha bila akiba.

Nasisitiza mpangilio huu, kwamba kunakili ni kabla ya kutengeneza. Baada ya kuwa na nakala mkononi ndipo nilipoandika amri ya SYS C:, ambayo huirudishia diski kuu sekta yake ya kuwashia pamoja na mafaili ya mfumo, na nilifanya hivyo kwa flopi ya Windows 98 juu ya diski ya Windows 98, kwa sababu amri hiyo ikitolewa kutoka kwenye flopi ya toleo jingine huweka mfumo usiolingana na ule uliomo na kuongeza tatizo juu ya tatizo. Nilitoa flopi, nikawasha upya, na mawingu ya Windows 98 yakatokea kwenye kioo. Katika mstari wa marehemu zilikuwamo hisa 46. Mwenyekiti alizisoma kwa sauti mara mbili. Bibi aliniambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha, kabla hata sijafunga kasha, akauliza kama mashine hiyo ina jina la shemeji yake pia.

Wiki iliyofuata walikuja watu wa familia nyingine sita.

Najua vijana wetu wenye maduka ya kompyuta watasema kwamba hizi ni hekaya za wazee, na kwamba njia ya siku hizi ni kuifungua mashine, kuitoa diski kuu na kuiunganisha na kompyuta mpya kwa adapta ya USB. Sina ugomvi nao. Pale ambapo mazabodi imeungua, hiyo ndiyo njia, na kama diski yenyewe inatoa mlio wa kugonga, basi isiwashwe tena kwa flopi wala kwa kitu kingine, bali iachwe kwa mtu mwenye vifaa. Lakini diski nyingi za miaka ya mwanzo ya 1990 hazielewani na adapta hizo, kwa kuwa zilitengenezwa kabla ya utaratibu wa kuhesabu sekta ambao adapta hizo huutegemea, na zaidi ya hapo, hesabu za zamani mara nyingi zinahitaji programu iliyozitengeneza, ambayo imo ndani ya mashine ileile na printa yake ileile. Kwa bahati njema mafaili ya DBF bado hufunguka leo kwa LibreOffice, ambayo haina malipo, lakini si kila aina ya faili la zamani ina bahati hiyo.

Kuna wanaoniuliza flopi ya kuwashia inapatikana wapi sasa, hasa kwa kuwa hata Sony, kampuni iliyozileta duniani flopi za inchi 3½, iliacha kuziuza Japani mwezi Machi mwaka 2011. Flopi zenyewe bado zimo katika madroo ya ofisi zetu, nyingi zikiwa nzima kama zilihifadhiwa mahali pakavu na mbali na spika za redio. Kosa ambalo watu hulifanya ni kudhani kwamba ukinakili mafaili ya mfumo kwenye flopi basi imekuwa ya kuwashia, kumbe bayosi haisomi majina ya mafaili, inasoma ile sekta ya kwanza ya baiti 512, na sekta hiyo hainakiliwi kwa njia ya kawaida; huandikwa kwa amri ya SYS, au kwa FORMAT A: /S, au na programu maalumu. Mwenye kompyuta nyingine ya Windows 98 inayofanya kazi ataikuta huduma ya kutengeneza flopi hiyo katika sehemu ya kuongeza na kuondoa programu. Mwenye Windows XP anaweza pia, kwa kuchagua kufomati flopi na kuweka alama kwenye sehemu ya kuifanya ya kuwashia, ijapokuwa atakayoipata ni maskini, haina hata programu za kusomea sidii. Na mwenye kompyuta ya kisasa isiyo na draivu anaweza kununua draivu ya flopi ya USB na kuandika humo taswira (nakala kamili ya diski) ya FreeDOS, mfumo huria ulioasisiwa na Jim Hall mwaka 1994, unaotolewa bure na kufahamu FAT32 bila shida. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayofaa kwa kazi ya kuokoa kumbukumbu, ingawa kwa kazi ya SYS kwenye mashine ya Windows 98 bado nitasimama na flopi ya Windows 98. Diski zilizopangwa kwa NTFS, mpangilio mwingine usio FAT32, zinazopatikana zaidi katika Windows NT, 2000 na XP, hazitaonekana kwa flopi yoyote kati ya hizi, na mtu asizihukumu kwa sababu hiyo.

Jambo la usalama sitalipita kimya. Sekta hiyohiyo inayowasha mashine ndiyo iliyokuwa maficho ya virusi vya kwanza vya kompyuta za aina hii. Kile kiitwacho Brain, kilichotokea Lahore, Pakistani, mwaka 1986, kilijificha humo. Vilivyofuata, kama Michelangelo, ambacho kilisubiri tarehe 6 Machi ili kifute diski, viliruka kutoka kwenye flopi hadi diski kuu pale tu mashine ilipowashwa flopi ikiwa ndani, hata kama flopi yenyewe haikuwa ya kuwashia, kwa sababu kila flopi iliyofomatiwa ina sekta hiyo. Kwa hiyo flopi ya kuwashia inatengenezwa kwenye mashine safi, kisha kile kijiti cha plastiki kilicho kwenye kona husogezwa ili tundu lifunguke. Mwanga ukipita katika matundu yote mawili, flopi hiyo haiandikiki tena, wala kirusi hakina pa kuingilia.

Kuhusu draivu zenyewe sina mengi. Vumbi la Mbeya la kuanzia Julai mpaka mvua za Novemba huziba kichwa cha kusomea, nacho husafishwa kwa pamba na spiriti. Taa ya draivu ikiwaka tangu mwanzo bila kuzimika, utepe wa waya umechomekwa kinyume, na hilo hutokea karibu kila mara mtu anapofungua kasha kwa mara ya kwanza. Na kama saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka mingi, betri ya mazabodi imekwisha. Katika Pentium nyingi ni ile ya mviringo ya volti 3, CR2032, inayouzwa hata kwenye maduka ya saa. Katika mashine za zamani zaidi, za kizazi cha 486 kilichotangulia Pentium, betri hiyo ikiisha bayosi husahau hata vipimo vya diski kuu, ambavyo sharti viingizwe upya kwa mkono kutoka kwenye lebo iliyobandikwa juu ya diski, na mpaka viingizwe mashine itaapa kwamba haina diski kabisa. Nadhani mashine nyingi zilizouzwa kama vyuma chakavu ziliponzwa na betri tu.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya nchi maskini pekee. Katika jiji la San Francisco, huko Marekani, mfumo wa kompyuta unaoongoza treni za mjini, uliofungwa mwaka 1998, ulikuwa bado ukipakiwa kila asubuhi kutoka kwenye flopi za inchi 5¼ wakati jiji hilo lilipoidhinisha mkataba wa kuubadilisha mwaka 2024. Wenye treni zile hawakuzitupa flopi zao kabla ya kupata mbadala, na sioni kwa nini chama cha Rungwe au shule ya Ludewa ifanye haraka kuliko wao.

Ombi langu kwa kamati za usimamizi na wakaguzi wa ndani ni kwamba wasikubali kompyuta yenye kumbukumbu za watu iandikwe kuwa mbovu na kuondolewa kwenye orodha ya mali mpaka imejaribiwa kuwashwa kwa flopi inayolingana na mfumo wake, na matokeo ya jaribio hilo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Hata pale ambapo mashine haifai tena, diski kuu itolewe kabla kasha halijauzwa. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, kumkabidhi mnunuzi wa chuma chakavu majina, akiba na madeni ya wanachama si uzembe wa kawaida tena, na kama nilivyoonyesha, mnunuzi huyo akiwa na flopi moja tu atavisoma vyote.

Kwa mafundi wa Mwanjelwa, wa Miyomboni kule Iringa na wa Makambako, ninaomba kila duka liwe na draivu moja ya flopi iliyo nzima na flopi tatu: ya Windows 98 na ya FreeDOS, zote mbili zikiwa zimefunguliwa tundu ili zisiandikike, na moja tupu ya kujaribia. Gharama yake haifiki hata bei ya kufomati mashine moja, na kazi ya kuokoa hesabu inalipwa vizuri kuliko ya kuzifuta. Niko tayari kuwatengenezea wenyewe, bila malipo, mradi waje na flopi zisizo na ukungu.

Mwisho nina shida yangu mwenyewe. Katika stoo ya chama hicho cha Tukuyu tulikuta boksi lenye flopi kumi na moja za inchi 5¼, zilizoandikwa kwa kalamu ya wino miaka 1993 hadi 1996, ambazo zinatangulia kompyuta ile na huenda zina orodha ya wanachama waasisi. Zimekauka vizuri na utando wake unaonekana safi, lakini draivu ya kuzisomea sina, ingawa kebo yake ninayo. Kama yupo msomaji, popote kati ya Iringa na Tunduma, mwenye draivu hiyo ndani ya mashine iliyolala, namwomba awasiliane nami kupitia ofisi yako. Ya megabaiti 1.2 itatosha, kwa kuwa husoma pia flopi za kilobaiti 360.

Wako mtiifu,
Mhasibu mstaafu,
Uyole, Mbeya.